Mzee wa Ekerenyo katika Orodha ya Marejeo: Historia Fupi ya Kutaja Vyanzo

1. Utangulizi

Mwandishi anayetayarisha mswada kwa ajili ya jarida la kitaaluma aghalabu huyachukulia marejeo kuwa kazi ya nukta na mkato, ifanywayo usiku wa kuamkia siku ya kuupeleka mswada kwa mhariri. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kanuni za marejeo zina historia yake, na kwamba historia hiyo imechangia sana kuamua nani ahesabiwe kuwa chanzo cha elimu na nani asihesabiwe.

Mfano utakaotumiwa ni wa Ekerenyo, katika Mugirango Kaskazini, sehemu ya nchi ya Wagusii iliyo leo katika Kaunti ya Nyamira, Kenya. Mtafiti afikaye huko kutafuta habari za ukoo au maana ya methali ataelekezwa kwa omogaka au omong'ina, yaani mzee wa kiume au wa kike asifikaye kwa kumbukumbu. Je, mtafiti huyo akirudi chuoni na kuandika, mzee yule ataonekana wapi katika orodha yake?

2. Asili ya Mifumo

Desturi ya kumtaja aliyesema haikuletwa Afrika Mashariki na majarida ya Ulaya. Katika elimu ya hadithi za Mtume, iliyosomeshwa pwani kwa karne nyingi, matini hupimwa kwa isnadi yake, yaani mlolongo wa majina ya waliopokezana habari. Baadhi ya watunzi wa tenzi nao walijitaja katika beti za mwisho, na pengine wakataja na mwaka.

Mfumo wa jina na mwaka, unaotumiwa leo na majarida mengi, ulizaliwa katika sayansi. Asili yake hunasibishwa na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala juu ya konokono asiye na gamba. Mwaka 1929 wanasaikolojia wa Marekani walichapisha mwongozo wao wa kwanza, wenye kurasa saba tu. Mwaka 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver wakakubaliana juu ya mfumo wa nambari. Mifumo hii ilikidhi mahitaji ya wanasayansi. Ilichukulia kwamba chanzo ni chapisho, kwamba mwandishi ana jina la ukoo, kwamba upo mwaka wa kuchapishwa, na kwamba msomaji aweza kukipata chanzo hicho maktabani. Mzee wa Ekerenyo hana hata moja kati ya hayo manne kwa namna inayotakiwa.

3. Tatizo la Majina

Ugumu wa majina ulikuwapo hata kwa maandishi yaliyochapishwa. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa na jarida lake, ambalo hatimaye liliitwa Kiswahili. Miongoni mwa wahariri wake alikuwa W. H. Whiteley, ambaye pia alichapa utangulizi wa sarufi ya Ekegusii mwaka 1956, na uchunguzi wa njeo za lugha hiyo mwaka 1960. Ndiye aliyefasiri kwa Kiingereza maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mwandishi huyu aweza kuwekwa chini ya H, chini ya M au chini ya T, na kila herufi ina hoja yake. Vivyo hivyo Shaaban Robert, ambaye wasomaji humtaja kwa majina yake yote mawili, katika marejeo hugeuzwa kuwa "Robert, Shaaban".

Kwa Wagusii, jina la mtu lilifuatwa na la baba yake. Jina moja la kudumu la familia nzima ni mazoea yaliyokuja pamoja na shule, kanisa na kipande. Mwanamke mzima huitwa kwa heshima ng'ina fulani, yaani mama wa fulani. Akiandikwa kwa jina la mumewe peke yake, kwa kuwa ndilo lililo katika kitambulisho, basi msomaji hatajua hata kwamba msemaji alikuwa mwanamke.

4. Njia ya Wanahistoria

Tatizo la pili, la chanzo kisichochapishwa, liliwahi kushughulikiwa. Jan Vansina alipotoa kitabu chake juu ya mapokeo simulizi mwaka 1961, alidai kwamba masimulizi yapimwe kwa ukali uleule wa nyaraka. Mwaka 1967 B. A. Ogot alitoa historia ya Wajaluo wa kusini, na mwaka huohuo Gideon Were akatoa historia ya Abaluyia. Were alikwenda mbele zaidi: alichapa masimulizi yenyewe katika kitabu cha pekee, ili msomaji aweze kuyapima. W. R. Ochieng' akafuata mwaka 1974 kwa historia ya Wagusii kabla ya ukoloni. Tanbihi iliwafaa wanahistoria kwa sababu ina nafasi: jina la msemaji, mahali na tarehe ya mahojiano vyote huenea humo.

Umuhimu wa jambo hili waonekana katika matukio ya mwaka 1908. Mwezi Januari mwaka huo Otenyo alimchoma mkuki G. A. S. Northcote, ofisa wa serikali ya kikoloni, na nchi ya Wagusii ikaadhibiwa kwa majeshi. Northcote alipona, na baadaye akawa Gavana wa Hong Kong. Ripoti za serikali zina nambari za jalada, na kuzitaja ni rahisi. Lakini habari za Moraa, mwanamke aliyemhimiza Otenyo, zimehifadhiwa zaidi vinywani mwa wazee. Mfumo unaokubali jalada na kukataa kinywa humpa ofisa ushahidi, ukamwachia Moraa uvumi.

5. Kilichopotea

Mfumo wa jina na mwaka ulipoingia katika taaluma za lugha na jamii, nafasi ile ya tanbihi ilipungua. Kwa kanuni za wanasaikolojia wa Marekani, mahojiano ya mtafiti na mzee ni mawasiliano ya binafsi: hutajwa ndani ya matini, wala hayaingii katika orodha, kwa hoja kwamba msomaji hawezi kuyapata. Hoja hiyo ina uzito. Lakini matokeo yake ni kwamba mtafiti aliyemsikiliza mzee kwa siku tatu huingia katika orodha za wenzake, na mzee hutoweka. Atakayefuata atamnukuu mtafiti, na methali ya Ekerenyo itakuwa mali ya makala.

Huko Kanada, Lorisia MacLeod alichapisha mwaka 2021 vielelezo vya kuwataja wazee wa jamii za asili katika orodha yenyewe, pamoja na taifa lao na mahali watokako. Jambo hilo lawezekana pia katika majarida ya Kiswahili, ambayo yamekwisha kujizoesha kuandika "taz.", "uk." na "mh." bila kuazima vifupisho vya Kilatini.

6. Hitimisho

Rejeo la msemaji lingeweza kuwa na mambo haya: jina kamili kama mwenyewe anavyojitaja, bila kupinduliwa; ukoo na kijiji; lugha aliyoisema; aliyempokeza habari, akimtaja; tarehe; jina la mkusanyaji; na mahali kanda au maandishi yalipohifadhiwa. Sharti hili la mwisho ndilo linalojibu hoja ya msomaji asiyeweza kukipata chanzo, nalo linaziwajibisha idara kuwa na hifadhi zinazofunguka. Idhini ya msemaji ni lazima, kwani wapo wenye sababu za kutotaka kutajwa, hasa katika habari za mashamba na ugomvi wa koo. Lakini kuficha jina kuwe uamuzi wa mwenye jina. Kusiwe matokeo ya kanuni iliyotungwa mahali ambapo hakuna aliyemfikiria.