Mona Lisa sita na kalamu moja

Wadau, juzi nimerudia kuangalia "City of Death", kisa cha Doctor Who kilichoonyeshwa Uingereza mwaka 1979. Mwovu mmoja anapanga kuiba Mona Lisa pale Louvre, Paris. Kumbe nyumbani kwake anazo nyingine sita, zote kazi ya mkono wa Leonardo! Daktari anarudi hadi zama za mchoraji huyo, anaandika kwa kalamu juu ya mbao kabla hazijapakwa rangi: hii ni feki.

Nilicheka, halafu nikajishtukia. Mona Lisa iliibwa kweli Agosti 21, 1911. Mwizi, Vincenzo Peruggia, alikamatwa Florence mwaka 1913. Mwaka 1932 mwandishi wa habari Karl Decker akadai wizi ule ulipangwa na tapeli aliyewauzia matajiri nakala sita. Sita zilezile! Lakini mpaka leo haijathibitishwa kuonekana hata moja.

Mimi niliwahi kuisimulia stori hiyo kijiweni kama kweli tupu. Tamu mno, sikuuliza ushahidi. Leo naishika kalamu ya Daktari, naandika juu ya stori yangu mwenyewe: haina uthibitisho.

Je, wewe mdau, ipi yako?