Lulindi, Mnero na daktari aliyeingia Bungeni

Lulindi iko wilayani Masasi, mkoani Mtwara, upande unaoelekea mto Ruvuma. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walianza kazi wilayani humo mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipotoka Lindi kwa miguu na watumwa waliokombolewa kutoka Unguja, akawapatia makao Masasi. Tiba ilikawia kushamiri. Hata miaka ya 1930 madaktari wa kusini walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Mwaka 1935 aliwasili daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, Leader Dominic Stirling, aliyezaliwa mwaka 1906. Hospitali yake ya Lulindi ilikuwa nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi. Humo alipasua wagonjwa na kutibu maradhi ya nchi: malaria, safura, vidonda ndugu, ukoma. Daktari mmoja asingeweza kuzifikia mbuga zile zote, ndiyo maana aliwafundisha vijana wa huko uuguzi na uganga. Kazi hiyo ya kufundisha inastahili kukumbukwa kuliko upasuaji wowote alioufanya, kwa kuwa mafunzo yalibaki mikononi mwa wenyeji. Mwaka 1947 maisha hayo aliyaeleza katika kitabu chake, Bush Doctor.

Mwaka 1949 aliingia Kanisa Katoliki, akahamia Mnero, kwenye hospitali ya Wabenediktini karibu na Nachingwea. Nachingwea wakati huo ilivuma kwa mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Hospitali ya misheni, iliyoendeshwa kwa fedha kidogo sana, iliendelea kutibu watu.

Njia ya Stirling kuingia Bungeni ilifunguliwa Tabora. Januari 1958, mkutano wa chama cha TANU uliridhia kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Yalikuwa masharti machungu, na wapo waliokihama chama kwa sababu hiyo. Lakini uamuzi huo uliipa TANU nafasi ya kuunga mkono wagombea wasio Waafrika waliotaka uhuru, na katika uchaguzi wa 1958–59 Stirling alipata kiti cha Jimbo la Kusini. Ubunge haukumtoa hospitalini: alibaki Mnero hadi 1964, kisha akafanya kazi Kibosho, Kilimanjaro.

Mwaka 1975 Rais Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Afya. Serikali ilikuwa imekwisha kuelekeza nguvu kwenye zahanati na vituo vya afya vya vijijini, sera ambayo daktari wa Lulindi hakuhitaji kuelezwa maana yake. Katika kipindi chake, mwaka 1977, ilitungwa sheria iliyozuia tiba binafsi ya kibiashara. Hospitali za mashirika ya dini, Mnero ikiwamo, ziliruhusiwa kuendelea. Stirling aliondoka wizarani na Bungeni mwaka 1980, akafariki mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 97.