Laptopu ndogo ya zamani inatosha kujifunzia kuandika programu?

Kijana wa Utete anayetaka kujifunza kuandika programu za kompyuta huambiwa kwanza atafute laptopu mpya. Bei yake inaweza kumeza mapato ya ufuta ya msimu mzima. Kabla familia haijauza kitu, tuangalie ile laptopu ndogo iliyolala kabatini inaweza kufanya nini.

Netibuku ni nini?

Ni laptopu ndogo, nyepesi na ya bei nafuu. Zilianza kuvuma mwaka 2007, kampuni ya Asus ya Taiwan ilipotoa Eee PC yenye kioo cha inchi 7, RAM ya MB 512 na hifadhi ya GB 4. Mwaka 2008 Intel ilitoa prosesa ya Atom, na netibuku nyingi zilizofuata zilikuwa na RAM ya GB 1.

Kwa nini inatosha?

Programu huandikwa kama maandishi ya kawaida. Mistari elfu moja huchukua nafasi ndogo kuliko picha moja ya simu. Kinacholemea mashine hizi ni Windows mpya, video na kurasa nyingi za intaneti zilizofunguliwa kwa pamoja.

Lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, huenda vizuri hata kwenye mashine dhaifu. Huu ni mfano wa hesabu ya mkulima anayeuza kupitia AMCOS:

kilo = 320
bei = 3000
makato = 150
print(kilo * (bei - makato))

Jibu ni 912000. Namba hizi ni za mfano tu. Weka kilo zako, bei ya mnada na makato ya kila kilo, kisha linganisha jibu na fedha ulizolipwa.

Namna ya kuiandaa

Kwanza nakili picha na nyaraka zako kwenye flashi, maana kuweka mfumo mpya hufuta vilivyomo. Kisha mwombe fundi aweke Linux, ambayo hailipiwi, yenye mwonekano mwepesi kama LXDE.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Atom za mwanzo, kama N270, ni za biti 32. Debian 13 ya mwaka 2025 haiwekwi tena kwenye mashine za namna hiyo. Mwambie fundi atumie Debian 12, ambayo marekebisho yake ya usalama yamepangwa kuendelea hadi Juni 2028.

Kwa kuandikia, Geany ni nyepesi na inatosha. Pakua mwongozo wa Python mara moja, usome baadaye bila bando.

Umeme

Netibuku hutumia takribani wati 10 hadi 15. Betri ya sola ya volti 12 na Ah 50 hubeba wati 600 kwa saa moja. Ukitumia nusu tu ili betri isife mapema, kwa hesabu unapata saa 20 za kazi. Inveta hula sehemu yake, kwa hiyo tarajia pungufu ya hapo. Hata hivyo, kwa kaya za delta zinazotegemea sola, hiyo ni nafuu kubwa.

Betri ya ndani ya mashine ya zamani mara nyingi imeshachoka. Umeme ukikatika, kazi ambayo hukuihifadhi imepotea. Hifadhi kila baada ya mistari michache, na jioni nakili kwenye flashi.

Isichoweza

Kutengeneza programu za simu kwa Android Studio kunahitaji RAM ya GB 8 au zaidi. Netibuku haitaweza. Michezo mikubwa na kazi za video nazo ziache.

Je, uinunue?

Kama unayo tayari, itumie. Kama unatoa fedha mfukoni, tafuta laptopu iliyotumika ya biti 64 yenye RAM ya GB 4 au zaidi. Iwashe mbele ya muuzaji, bonyeza kila kitufe na ujaribu chaja yake kabla ya kulipa.

Utakachojifunza kwenye mashine ndogo utahama nacho. Faili ile ile ya Python itafunguka kwenye kompyuta kubwa siku utakapoipata.