Protini na Homoni za Kiume: Kiasi Gani Kinatosha?

Katika masuala tunayoletewa kuhusu nguvu za kiume na kuchelewa kupata mtoto, chakula hutajwa mara kwa mara. Je, nyama nyingi, supu ya pweza au unga wa protini wanaokunywa vijana wanaonyanyua vyuma huongeza homoni?

Testosteroni hutengenezwa na korodani kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ikishaingia katika damu, nyingi hubebwa na protini maalumu, na mojawapo, inayotoka kwenye ini, huishika kwa nguvu kiasi kwamba mwili hauwezi kuitumia. Utafiti uliofanywa Massachusetts, Marekani, ulionesha kuwa wanaume wa makamo na wazee waliokula protini kidogo walikuwa na kibebaji hicho kwa wingi zaidi. Mzee anayeshinda kwa chai na mkate mkavu huenda homoni anayo, lakini haimfikii.

Kuzidisha nako hakuna faida. Mapitio ya tafiti 27 yaliyochapishwa mwaka 2022 yalichunguza wanaume waliopunguza vyakula vya wanga. Pale protini ilipofikia asilimia 35 ya nishati yote ya chakula, testosteroni ilishuka sana. Protini ilipokuwa ya wastani, haikushuka. Waliochunguzwa hawakuwa wengi, lakini hayo yanatosha kumfanya kijana aliyeacha wali na muhogo ili aishi kwa unga na mayai ajiulize.

Shirika la Afya Duniani linataja gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani takriban gramu 58 kwa mtu wa kilo 70. Kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 hutoa kama 20 hadi 25, yai moja 6, na kikombe cha kunde au choroko zilizopikwa hukaribia 13. Familia inayokula samaki mchana na kunde usiku haihitaji kopo la dukani. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari wake kwanza.

Pweza ana protini nyingi na madini ya zinki, na upungufu wa zinki hushusha testosteroni. Asiye na upungufu atapata mlo mzuri tu, hata muuzaji aseme nini. Soya nayo imesingiziwa: tafiti zilizojumlishwa hazikuona ikishusha homoni za wanaume.

Kinachotutia hofu zaidi ni sindano na vidonge vya kujaza misuli. Homoni ikitoka nje, ile tezi huacha kutoa amri, korodani husinyaa, na mbegu hupungua au kukatika kabisa. Kijana anaonekana jabari, na mkewe ndiye anayelaumiwa kwa kutoshika mimba. Kujidhuru namna hii hakujuzu. Ama unga wa protini, asili yake ni halali, ila isomwe lebo: jelatini ya nguruwe au ya mnyama asiyechinjwa kisharia iepukwe. Wallaahu A'lam.

Kwa wanandoa waliokaa mwaka mzima bila mimba, mume naye apimwe mbegu, kwa sababu karibu nusu ya matatizo haya humgusa yeye. Damu ya testosteroni hutolewa asubuhi, kabla ya saa 4, na jibu likiwa la chini kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya dawa yoyote.