Vipimo vya maabara: Ni kipi cha kawaida kwa mzee?

Karatasi ya matokeo ya maabara aghalabu huwa na safu mbili za tarakimu: kiwango alichopatikana nacho mgonjwa, na mipaka ya kile kinachohesabiwa kuwa cha kawaida. Kwa mzee, safu ya pili ndiyo yenye utata.

Mipaka hiyo hupatikana kwa kuwapima watu wenye afya njema, wasiopungua 120 katika kila kundi. Asilimia 2.5 ya matokeo ya chini kabisa huondolewa, na asilimia 2.5 ya juu kabisa vilevile. Asilimia 95 inayosalia ndiyo huitwa kawaida. Kwa hivyo, mtu mmoja kati ya 20 wenye afya huangukia nje ya mipaka.

La muhimu ni nani waliopimwa. Utafiti wa viwango vya damu uliochapishwa mwaka wa 2009, uliofanywa Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, ulihusisha watu wa umri wa miaka 18 hadi 60. Waliopita umri huo hawakuwamo.

Athari zake si ndogo. Kreatinini ni taka itokayo kwenye misuli na kuchujwa na figo. Misuli hupungua uzeeni, hivyo taka hiyo huwa kidogo, na matokeo huonekana mazuri hata figo zikiwa zimedhoofika. Kwa kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka wa 1976, mwanamume wa kilo 60 mwenye kreatinini ya miligramu 1.0 kwa desilita hukadiriwa kuchuja mililita 92 kwa dakika akiwa na miaka 30, lakini mililita 50 tu akiwa na miaka 80. Akipewa dawa kwa kiasi cha kijana, huenda ikamlimbikia mwilini.

Hata hivyo, kuwawekea wazee mipaka yao kuna mtego. Wengi wao wana shinikizo la damu au kisukari, na wakijumuishwa, maradhi yatageuzwa kuwa uzee. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka wa 1968 kiwango cha chini cha hemoglobini kuwa gramu 13 kwa desilita kwa wanaume na 12 kwa wanawake wasio wajawazito. Mzee aliyepungukiwa anastahili kuchunguzwa, kwani huenda anavuja damu tumboni.

Mizani nyingine ya kutegemewa ni matokeo ya awali ya mzee mwenyewe. Karatasi hizo zihifadhiwe, na daktari aonyeshwe.