Mbu, Hesabu na Degedege: Nafasi ya Lugha katika Historia ya Utafiti wa Malaria

Utangulizi

Historia ya sayansi aghalabu huandikwa kana kwamba maarifa hutoka maabara moja na kuingia nyingine pasi na kupitia kinywani mwa mtu. Katika masimulizi ya namna hiyo lugha huhesabiwa kuwa chombo tu, nacho chombo hakiulizwi habari za kile kilichotiwa ndani yake. Utafiti wa malaria waonyesha kinyume cha mambo hayo. Kwa muda wa zaidi ya miaka 120 utafiti huo umeziunganisha tiba, biolojia na hisabati, na sehemu yake isiyo haba imefanyika katika nchi ambamo Kiswahili ndicho kisemwacho sokoni na hospitalini. Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo kwa ufupi, na kuonyesha kwamba suala la nani ayafikie maarifa ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la fedha au mitambo.

Jina na kosa lililomo ndani yake

Neno malaria lina asili ya Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Waliolibuni waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na mvuke utokao mabwawani. Mnamo 1880, huko Constantine nchini Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliviona vimelea vya malaria katika damu ya mgonjwa. Miaka 17 baadaye, tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyekuwa Secunderabad, India, alimpasua mbu aliyekuwa amemnyonya damu mgonjwa aitwaye Husein Khan, akaviona vimelea katika ukuta wa tumbo la mbu huyo. Mwaka uliofuata, huko Calcutta, Ross alionyesha jinsi malaria ya ndege inavyotoka kwa ndege mmoja hadi mwingine kwa kuumwa na mbu. Na mwaka huo huo wa 1898 Giovanni Battista Grassi na wenzake wa Italia wakathibitisha kwamba malaria ya binadamu huenezwa na mbu wa jamii ya Anofelesi.

Hivyo hewa mbaya ikatoka katika sayansi, lakini neno lililoitaja halikutoka. Wataalamu hawakulifuta jina hilo ingawa limebeba imani ya uwongo. Walilishika jina, wakaibadili maana yake. Jambo hili yafaa likumbukwe, kwa sababu litahitajika tena hapa chini.

Daktari na hesabu zake

Ross alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902, lakini kazi aliyoithamini sana ilikuwa bado mbele yake. Wapinzani wake walisema kwamba haiwezekani kuwaua mbu wote wa nchi nzima, na kwa hiyo kupigana na mbu ni kazi bure. Ross alilijibu dai hilo kwa hisabati. Katika taarifa yake ya 1908 kuhusu kisiwa cha Mauritius, na zaidi katika kitabu chake kuhusu kuzuia malaria, ambacho toleo lake la pili lilitoka 1911, alionyesha kwamba hakuna haja ya kummaliza kila mbu. Iko idadi ya mbu kwa kila mtu ambayo, ikishapungua chini yake, wagonjwa wapya huwa wachache kuliko wanaopona, na ugonjwa hufifia wenyewe.

Katika miaka ya 1950, George Macdonald wa London aliiendeleza hoja hiyo. Aliona kwamba kimelea huhitaji takriban siku 10 au zaidi ndani ya mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu mwingine. Basi jambo kuu si wingi wa mbu bali ni umri wao. Ikiwa katika kila mbu 100 hubaki hai 90 kila siku, baada ya siku 10 watasalia 35 hivi; wakibaki 80, watasalia 11 hivi; na wakibaki 50 tu, hatasalia hata mmoja katika kila 1,000. Upungufu mdogo wa maisha ya mbu huleta upungufu mkubwa wa hatari. Hesabu hii ndiyo iliyoeleza kwa nini dawa ipuliziwayo kwenye kuta, ambako mbu hutua baada ya kunyonya damu, yaweza kufanya kazi kubwa kuliko dawa imwagwayo mabwawani.

Afrika ya Mashariki katika historia hiyo

Nadharia hizo zilijaribiwa katika ardhi ya Afrika ya Mashariki. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, nyumba za wilaya za Pare na Taveta, pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya, zilipuliziwa dawa iitwayo dieldrini, na watafiti wakahesabu wagonjwa, mbu na vifo. Katika miaka ya 1990 ulifanyika Kilifi utafiti wa vyandarua vilivyotiwa dawa. Matokeo yake, yaliyochapishwa 1996, yalionyesha kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33. Kuanzia 2009 hadi 2014 chanjo ya RTS,S ilijaribiwa katika nchi saba za Afrika, kwa watoto zaidi ya 15,000. Kilifi ilikuwamo, na Bagamoyo na Korogwe pia. Mnamo Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi.

Katika kila hatua ya kazi hiyo kulikuwa na mazungumzo. Mama aliyeombwa damu ya mwanawe ilibidi aelezwe kwa lugha aijuayo kinachotafutwa na hatari iliyopo, ndipo atoe ridhaa. Matokeo, kwa upande mwingine, yalichapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya Ulaya na Marekani. Maarifa yaliingia kwa Kiswahili na kwa lugha za Mijikenda. Yalitoka kwa Kiingereza.

Degedege

Athari ya utengano huo yaonekana wazi katika neno moja. Mtoto mwenye malaria kali huweza kupatwa na mtukutiko wa mwili na kupoteza fahamu. Hali hiyo Waswahili huiita degedege au dege, neno ambalo ni ukubwa wa ndege. Na pwani huitwa pia nyuni, neno la kale lenye maana hiyo hiyo ya ndege, ambalo ndugu yake ni nyoni ya Wakikuyu. Itikadi iliyomo ni kwamba mtoto amepitiwa au ameshikwa na ndege, au pepo mwenye sura ya ndege.

Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 waligundua kwamba wazazi wengi waliitenga degedege na malaria. Kwao malaria ilikuwa homa ya kawaida, itibiwayo kwa vidonge. Degedege ilikuwa jambo la mganga, na wako walioamini kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Basi tangazo la afya lililosema kwamba malaria itibiwe hospitalini lilisikika vizuri, likaeleweka vizuri, wala halikumhusu mtoto aliyekuwa akitukutika. Kosa halikuwa katika sayansi ya tangazo, bali katika msamiati wake. Na gharama ya kosa hilo ni saa chache, ambazo kwa mtoto wa hali hiyo ni uhai au mauti.

Wako wanaoona kwamba dawa ya tatizo hili ni kuliacha neno degedege kwa sababu ni la ushirikina. Hoja hiyo haina nguvu. Ikiwa wataalamu waliweza kulihifadhi neno linalosema hewa mbaya, wakalijaza maana ya kimelea na mbu, hapana sababu ya kukataa neno linalosema ndege lisijazwe maana ya malaria iliyofika ubongoni. Neno degedege lina faida ambayo istilahi mpya haina: mama hulitamka mara tu aionapo dalili, na hulitamka kwa hofu iliyo haki yake. Kazi ya mwanaisimu si kulifuta, bali ni kusaidia lielekeze njia ya hospitali.

Sayansi iliyo wazi

Mwaka 2002 ni mwaka wa kukumbukwa katika historia hii. Mwezi wa Februari, Azimio la Budapest lilitaka maandishi ya kitaaluma yasomwe na wote bila malipo. Mwezi wa Oktoba zilichapishwa jenomu za kimelea Plasmodium falciparum, chenye kromosomu 14 na jeni zipatazo 5,300, na ya mbu Anopheles gambiae, zikawekwa wazi kwa kila mtafiti. Tangu hapo ramani za malaria na takwimu zake zimezidi kuwekwa mahali pa wazi.

Lakini mlango ulio wazi haumfai asiyeweza kukisoma kilichoandikwa ndani. Mnamo Novemba 2021, Mkutano Mkuu wa 41 wa UNESCO ulipitisha Pendekezo kuhusu Sayansi Huria, ambalo katika ufafanuzi wake lataja maarifa ya kisayansi yaliyo katika lugha nyingi. Mkutano uo huo uliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Maamuzi hayo mawili hutajwa mbalimbali, la kwanza na wanasayansi, la pili na wapenzi wa lugha, ilhali kwa hakika yahusu jambo moja.

Hitimisho

Husein Khan alitoa damu yake mwaka 1897, na historia imelihifadhi jina lake pembeni mwa jina la Ross. Akina mama wa Kilifi na Bagamoyo wametoa mengi zaidi. Deni wanalodai halilipwi kwa kuwashukuru katika ukurasa wa mwisho wa taarifa ya Kiingereza. Hulipwa kwa kuwarudishia matokeo kwa lugha waliyoitolea ridhaa, yakiwa na istilahi zilizopimwa vijijini na si ofisini tu. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na madaktari peke yao, wala na wanahisabati. Sehemu yake iliyo ngumu ni ya idara za lugha, na bado haijafanywa vya kutosha.