Nani Anaulinda Mkongo? Mawasiliano na Usalama wa Taifa Afrika Mashariki tangu 1879

Tarehe 22 Januari 1879, Wazulu waliyashinda majeshi ya Uingereza huko Isandlwana. Habari za kipigo hicho zilichukua takriban wiki tatu kufika London, kwa sababu kusini mwa Afrika hakukuwa bado na waya wa simu ya maandishi ulioiunganisha na Ulaya. Taarifa zilisafiri kwa meli mpaka visiwa vya Atlantiki, ndipo zikaingia kwenye waya. Dola yenye makoloni ya mbali haikuweza kungoja hivyo tena. Kabla ya mwaka kwisha, kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imelaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Durban, ukipitia Zanzibar na Msumbiji. Pwani yetu iliingia katika mawasiliano ya dunia kwa sababu ya vita, na tangu hapo usalama wa dola haukutenganishwa tena na usalama wa waya. Swali la waya ni wa nani, na nani anaulinda, limepita kwa masultani, wakoloni, serikali za uhuru na kampuni za leo, na kila kizazi kimelirithisha kinachofuata.

Zanzibar ya Sultani Barghash bin Said ilipata kituo cha simu, lakini haikupata mamlaka juu yake. Waya ulikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza, na kila ujumbe uliotumwa ng'ambo kwa njia hiyo ulipita mezani pa watu wenye utii kwa serikali nyingine. Mwaka 1884 mataifa yalitia saini mjini Paris mkataba wa kulinda nyaya za chini ya bahari. Mkataba huo ulimtia hatiani mvuvi au nahodha aliyeharibu waya kwa makusudi au kwa uzembe, lakini ibara yake ya 15 iliyaacha huru mataifa yaliyo vitani. Hatari iliyo kubwa kuliko zote ikabaki nje ya sheria. Mwaka 1890, Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza, kisiwa hicho kiliunganishwa kwa nyaya na Mombasa upande mmoja, na Bagamoyo na Dar es Salaam upande wa pili. Hata koloni la Wajerumani likawa linaongea na Berlin kupitia kituo kilichoshikwa na Waingereza.

Gharama ya utegemezi huo ilidhihirika Agosti 1914. Saa chache baada ya kutangaza vita, Uingereza ilikata nyaya za Ujerumani katika mlango wa bahari kati yake na Ufaransa. Tarehe 8 Agosti manowari HMS Astraea ilifika Dar es Salaam, na shabaha yake ilikuwa mnara wa simu ya upepo. Huko Togo, kituo kikubwa cha Kamina, kilichounganisha makoloni ya Kijerumani na Berlin, kiliharibiwa na Wajerumani wenyewe kabla ya kusalimu amri mwezi huohuo. Ikiwa haina njia yake yenyewe, Ujerumani ililazimika kutumia njia za wengine. Januari 1917 ujumbe wa waziri wake wa mambo ya nje, Arthur Zimmermann, uliokusudiwa kuivuta Mexico vitani, ulinaswa na kufumbuliwa na Waingereza. Aprili mwaka huo Marekani iliingia vitani. Hapo mataifa yalijifunza kwamba waya anaoutumia adui una faida zaidi ukiachwa mzima na kusikilizwa.

Funzo hilo lilifika Mombasa katika Vita Kuu ya Pili. Baada ya ndege za Japani kushambulia Colombo Aprili 1942, wataalamu wa Uingereza wa kufumbua maandishi ya siri walihamishiwa Kilindini, wakakaa katika majengo ya shule ya Allidina Visram, yanayotazama bahari. Humo walifumbua maandishi ya siri yaliyotumiwa na meli za biashara za Japani, na mwaka 1943 wakarejea Colombo. Kazi hiyo ilifanyika katika mji wa Waswahili, lakini wenyeji hawakuachiwa ujuzi wake. Uhuru ulipokuja miaka ya 1960, serikali mpya zilikabidhiwa majengo, minara na waya, na elimu ya kuvilinda ikabaki kwa waliozoea kuvitumia.

Kwa miongo mitatu upungufu huo haukuonekana sana, kwa sababu mawasiliano yalikuwa machache na yalishikwa na shirika moja la umma. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa Kenya mwaka 1970. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikaendelea na shirika lake la posta na simu. Kulinda mawasiliano kulimaanisha kuweka askari mlangoni. Katika miaka ya 1990 mashirika hayo yaligawanywa, soko likafunguliwa, na kampuni binafsi zikaja na simu za mkononi. Serikali ikawa msimamizi wa njia ambazo haikuzimiliki tena, na jukumu la ulinzi likagawanyika bila kugawiwa rasmi.

Kisha mambo yakaenda mbio. Huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Julai 2009 mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari wa SEACOM ulianza kazi. TEAMS, ulioasisiwa na serikali ya Kenya, uliunganisha Mombasa na Fujairah mwaka huohuo. EASSy ukafuata mwaka 2010. Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo zikapata intaneti kupitia Mombasa na Dar es Salaam, kama zinavyopata mizigo. Mishahara, kodi, hati za kusafiria na kumbukumbu za ardhi zikahamia mtandaoni. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilishusha nanga na kuukata TEAMS. Kosa lililotajwa Paris mwaka 1884 lilikuwa limetokea mlangoni petu, safari hii likigusa uchumi mzima.

Sheria zilikuja nyuma ya nyaya. Umoja wa Afrika ulipitisha Mkataba wa Malabo kuhusu usalama wa mtandao Juni 2014, nao ukaanza kutumika Juni 2023, baada ya miaka tisa ya kungoja nchi 15 ziuridhie. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, Kenya ikafuata mwaka 2018. Sheria zote mbili zina vifungu vya kuwaadhibu wanaoingilia mifumo ya kompyuta, na zote ziligusa pia maneno ya raia kwa kuharamisha taarifa za uongo. Mabishano ya umma yakaelekea huko. Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha vifungu 26 vya sheria ya nchi hiyo mwezi Mei 2018, kisha ikaihalalisha sheria hiyo Februari 2020. Miaka hiyo tulibishana sana juu ya nani aseme nini, na kidogo mno juu ya nani alinde seva na mikongo.

Matokeo yakaonekana. Julai 2023 jukwaa la eCitizen, lenye huduma zaidi ya 5,000 za serikali ya Kenya, lilizidiwa na mafuriko ya maombi bandia. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika. Februari 2024 meli Rubymar ilishambuliwa na Wahouthi wa Yemen na kutelekezwa na mabaharia wake, na inaaminika kwamba nanga yake iliyoburutwa ndiyo iliyokata mikongo kadhaa katika Bahari ya Shamu, SEACOM ukiwamo. Mei mwaka huo EASSy na SEACOM ilikatika kaskazini ya Durban, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Mkongo wa leo unapita karibu palepale waya wa 1879 ulipopita, na vita vya wengine bado vinaufikia.

Mabadiliko ni makubwa: tuna hisa katika mikongo, tuna wataalamu wetu, tuna vituo vya kukabili matukio ya mtandao katika mamlaka za mawasiliano. Kilichodumu ni mpasuko kati ya anayemiliki, anayetegemea na anayewajibika. Mpasuko huo ni matokeo ya maamuzi, kwa hiyo maamuzi yanaweza kuuziba. Serikali zinapaswa kutaja kwa sheria mifumo ambayo taifa haliwezi kuishi bila hiyo, na kuwalazimisha wenye mifumo hiyo, wa umma na binafsi, kutoa taarifa kila inapovamiwa. Zinapaswa kutenganisha ulinzi wa mifumo na udhibiti wa maneno, ili raia asiuogope mlinzi kuliko mdukuzi. Nchi za pwani na za bara zinapaswa kuchangia pamoja njia mbadala na uwezo wa kutengeneza mikongo, kwa kuwa mkongo ukikatika baharini, Kigali na Bujumbura huumia pamoja na Dar es Salaam. Barghash hakuwa na nafasi ya kuamua nani aulinde waya wa Zanzibar. Mabunge yetu yanayo nafasi hiyo, na yatahesabiwa kwa namna yanavyoitumia.